Nani kashika kalamu: rangi ya mwandishi na vita ya superhiro dhidi ya ubaguzi

Kuna kaka mmoja wa Tanga kaniandikia barua ndefu, kiini chake ni hiki. Yeye na binamu yake wamebishana mpaka wakanuniana. Binamu anasema superhiro ni superhiro tu, staringi akiwapiga wabaguzi kawapiga, haijalishi aliyemchora ni Mzungu, mweusi, Mchina au nani. Yeye anasema hapana, mweusi akiandika unaisikia tofauti, ila akiulizwa hiyo tofauti iko wapi hawezi kuinyooshea kidole. Anataka kujua nani yuko sahihi. Halafu mwishoni kabisa kaongeza kwamba huyo binamu anachora, tena anachora vizuri, na anataka kutoa komiki yake ya shujaa anayepigana na ubaguzi wa Marekani wakati hajawahi hata kuvuka mpaka pale Horohoro. Inafaa au haifai?

Kaka, miaka yangu yote ya kufundisha watu kuandika na kuchora hadithi za picha hili ndo swali linalorudi kuliko mengine, na huwa nalijibu kwa urefu manake nikilijibu kwa kifupi kila mtu anaondoka na nusu anayoitaka. Mna haki wote wawili nusu nusu. Watu wa rangi zote wamewahi kumtuma shujaa akapigane na wabaguzi, hilo binamu yako yuko sawa. Ila angalia huo ubaguzi wenyewe umechorwa una sura gani, unakaa wapi, na siku staringi anashinda kashinda kitu gani, hapo ndo utaona mkono wa aliyeshika kalamu. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na komiki za Marekani zimejaa watu wanaochora vitanda vya wenzao.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Superman katoka 1938, Action Comics namba 1, na waliomtunga ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, wote watoto wa Wayahudi waliohamia ng'ambo. Sasa mwangalie huyo Superman vizuri: mtoto katumwa mbali na wazazi kwa sababu kwao kunateketea, kafika nchi ya watu, kapewa jina la wenyeji, Clark Kent, kavaa miwani, anajifanya mnyonge ili asishtukiwe. Mtu ambaye nyumbani kwake hakuna habari za kukimbia wala za kubadilisha jina ili upate kazi, stori hiyo haimjii kirahisi. Na maadui zao waliliona hilo mapema kabisa. 1940 jarida la Look lilitoa kurasa mbili za Superman akimkamata Hitler na Stalin na kuwapeleka kuhukumiwa Geneva, na gazeti la SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler kule Ujerumani, Das Schwarze Korps, likajibu kwa matusi, likamtaja Siegel kwa Uyahudi wake. Yaani Wanazi wenyewe hawakuishia kwa mtu wa kwenye karatasi, walimtafuta aliyemwandika.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Joe Simon na Jack Kirby, nao Wayahudi, Kirby jina lake la kuzaliwa ni Jacob Kurtzberg, wakatoa Captain America na kava la kwanza kabisa ni ngumi inatua kwenye taya la Hitler. Tarehe hapa ni muhimu sana kaka. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, ulikuwa umebaki kama mwaka mzima, na kuna Wamarekani wengi tu walioona hiyo vita haiwahusu, na wengine waliompenda Hitler waziwazi. Vitisho vikaanza kumiminika ofisini, barua, simu, watu wa ajabu wamesimama nje, mpaka polisi wakawekwa mlangoni na meya wa New York, La Guardia, akapiga simu mwenyewe kuwaambia jiji litawalinda. Wale jamaa hawakusubiri serikali iwaambie adui ni nani. Walikuwa wanajua tayari.

Hapo unaweza ukamtolea binamu macho ukamwambia unaona? Subiri kwanza.

Kiangazi cha 1941, miezi michache tu baada ya ile ngumi, mikono ileile ya Simon na Kirby ikaanzisha Young Allies, kundi la watoto wanaopigana na Wanazi, na kati yao kuna mtoto mweusi anaitwa Whitewash Jones. Nimewahi kuwawekea wanafunzi ukurasa unaowatambulisha hao watoto na darasa zima likanyamaza. Wenzake wamechorwa watoto kama watoto. Yeye kapewa midomo imejaa nusu ya uso, macho yamemtoka, na sifa zake kama zilivyoandikwa pale ni kwamba anajua kupiga kinanda cha mdomo na ni hodari wa kula tikitimaji. Hao hao waliokuwa tayari kuhatarisha maisha yao kumpinga Hitler! Will Eisner naye, Myahudi, fundi ambaye mpaka leo tunajifunza kwake namna ya kupanga ukurasa, alimpa shujaa wake The Spirit msaidizi mweusi wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo kuumizwa kunakufungua macho kwenye lile jeraha lako, la jirani bado unaweza ukalipita kila siku na usilione. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu hao watu nawapenda, na kazi zao ndo zilinifanya mimi nishike penseli.

Sasa chukua ngao ileile ya Captain America uende nayo mpaka 2003. Mwandishi Robert Morales na mchoraji Kyle Baker, wote Wamarekani weusi, Morales ana damu ya Puerto Rico pia, wanapewa kazi ya kuandika hadithi inaitwa Truth, na swali lao ni dogo tu: jeshi lilipotaka kuitengeneza upya ile dawa iliyomfanya Steve Rogers kuwa Captain America, liliijaribia kwa nani? Mtu mweusi wa Marekani hahitaji kufikiria sana hapo, manake Tuskegee ipo. Kule Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, ili waone tu ugonjwa unaendaje, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa. Miaka 40. Kwa hiyo kwenye komiki wanajeshi weusi 300 wanachukuliwa kama panya wa maabara, wanakufa vibaya, na kati ya wachache waliosalia kuna Isaiah Bradley, ambaye anaiba vazi la Captain America, analivaa, anaenda kufanya kazi ya kijeshi ambayo ilikuwa ya kufa, na akirudi kwao anafungwa miaka 17 kwa sababu kavaa nguo isiyokuwa yake.

Nataka uangalie mwisho wake. Steve Rogers, baada ya miaka mingi ya kutojua lolote, anakuja nyumbani kwa Isaiah, Bronx. Mzee akili yake imeshaharibiwa na ile dawa, kawa kama mtoto mdogo, mke wake Faith ndo anayemlinda na kumsemea. Ukutani kumejaa picha alizopiga na watu wakubwa, watu weusi wenye majina, ambao walikuwa wanamjua miaka yote hiyo wakati nchi haimjui. Steve anamrudishia lile vazi lililochanika, wanapiga picha pamoja. Basi. Hakuna anayepigwa ngumi, manake ungempiga nani? Daktari? Jenerali aliyeshafariki? Karatasi za siri?

Hiyo ndo tofauti uliyokuwa unaisikia ukashindwa kuisema. Kwa Simon na Kirby ubaguzi una uso, una masharubu, uko ng'ambo, na ngumi inaufikia. Kwa Morales na Baker uko ndani ya nyumba yako, umevaa koti jeupe na magwanda ya nchi unayoifia, na superhiro mwenye nguvu za kubeba pikipiki anafika kachelewa miaka 60. Wasomaji wengine walikasirika sana, hata kabla hawajaisoma, kisa Captain America mweusi, na wengine walilalamikia michoro ya Baker kwamba imekaa kikatuni mno. Mi naona Baker alijua anachofanya. Ukichora mateso yale kwa ustadi wa kupendeza msomaji atafurahia misuli, atasahau mtu.

Lakini kaka usiende kumringishia binamu, manake naye ana shahidi wake, na ni shahidi mzito. Anaitwa Don McGregor, Mzungu. Black Panther mwenyewe kazaliwa 1966 mikononi mwa Stan Lee na Kirby, mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika yenye teknolojia kuizidi Marekani, wazo kubwa sana kwa wakati ule, ila miaka ya mwanzo alikuwa mgeni tu kwenye hadithi za wengine. 1973 McGregor akapewa jarida lililokuwa limedorora, Jungle Action, jina lenyewe unalisikia lilivyo, akalijaza hadithi ndefu ya Wakanda ambayo karibu kila mtu ndani yake ni mweusi: mfalme, waasi, wakulima, wasaliti, wapenzi. Wakubwa wa ofisi walimsumbua wakitaka Wazungu waongezwe, na yeye akawajibu kwa akili ya kawaida tu kwamba hii ni nchi iliyojificha katikati ya Afrika, Wazungu watatokea wapi? Mchoraji aliyekuja kuishika kazi hiyo muda mrefu ni Billy Graham, mmoja wa wasanii weusi wachache sana wa Marvel, kampuni inayotoa komiki hizo, wakati ule. Halafu 1976 hao wawili wakampeleka T'Challa Georgia, akapambane na Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, wale wavaa mashuka, na kuna kurasa wanamfunga msalabani wanamwasha moto. Mwaka huohuo jarida likafungwa katikati ya hadithi.

Mtoto mmoja wa Detroit alinunua nakala ya hiyo Jungle Action akiwa na miaka kama 11. Alikuja kueleza ukubwani kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kuona watu weusi wa kila aina kwenye hadithi moja, wabaya kwa wema, wenye akili na wajinga, na kichwani mwake kitu kikafunguka. Anaitwa Dwayne McDuffie. Kwa hiyo bila kalamu ya yule Mzungu, pengine hatupati mtu mweusi aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kwenye hii habari. Hilo mwambie binamu, ni haki yake.

McDuffie alikuja kufanya kazi Marvel, na 1989 akawaandikia wakubwa wake memo ya kejeli, akijifanya anapendekeza kundi jipya la mashujaa vijana weusi wote juu ya skeitibodi, kwa sababu alikuwa amehesabu akakuta karibu robo ya masuperhiro weusi Wamarekani wa Marvel wanapanda skeitibodi. Kuna hoja yake nyingine mi naiona ya msingi kuliko zote: ukiwa na mhusika mweusi mmoja tu kwenye ulimwengu mzima wa komiki, hawezi kuwa mtu. Akiwa mlevi basi weusi wote walevi, akiwa mkamilifu basi ni sanamu. Dawa yake ni kuwa nao wengi, wabishane wenyewe kwa wenyewe.

Ndo 1993 yeye, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle, wote weusi, wakaanzisha kampuni, Milestone. DC, kampuni kubwa yenye Superman, walichapa na kusambaza, lakini hakimiliki ya wahusika ikabaki Milestone. Hilo la hakimiliki usilipite haraka, nitalirudia. Soma ukurasa wa kwanza wa Hardware, komiki yao ya kwanza. Huoni adui, huoni mlipuko. Unamkuta mhandisi mweusi, Curtis Metcalf, anasimulia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa na kasuku mdogo, usiku anafunga mlango na madirisha halafu anamfungulia tundu aruke chumbani, na siku moja yule ndege akaruka kwa nguvu zote kuelekea nje, akajipiga kwenye kioo. Alidhani kutoka kwenye tundu ndo kuwa huru. Halafu ndo unaambiwa habari yenyewe: Curtis anavumbua vitu vinavyompa bosi wake mamilioni, anaomba sehemu kidogo ya faida, bosi anamjibu kwamba yeye ni mwajiriwa tu, na akitaka kuondoka mkataba umemfunga, hawezi kufanya kazi kwingine. Huyo bosi, Edwin Alva, ndo adui. Hana shuka kichwani, hajamtusi mtu rangi yake hata mara moja, amevaa suti na amemlipia Curtis shule tangu utotoni.

Nimesoma komiki nyingi za Wazungu wenye nia njema kabisa dhidi ya ubaguzi na sijakutana na yule kasuku. Hao wanakupa mbaguzi anayefoka, kwa sababu ndo huyo wanayemwona wakiwa wamesimama pembeni. Kioo hukioni mpaka ukijipige.

Icon nayo hivohivo. Ni kiumbe kutoka sayari nyingine, kama Superman tu, chombo chake kinaanguka Marekani 1839, na mashine inambadilisha afanane na mtu wa kwanza atakayemwokota. Superman aliokotwa na wakulima Wazungu wa Kansas. Huyu anaokotwa na mama mtumwa kwenye shamba la pamba. Nguvu zilezile, sayari ngeni ileile, tofauti ni nani kakuokota. Anakaa miaka zaidi ya 150 amejificha, anakuwa mwanasheria tajiri anayewaambia weusi wenzake waache kulalamika wajitume, mpaka binti wa miaka 15 anayeitwa Raquel anavunja nyumbani kwake na kumwambia mtu mwenye uwezo kama wako unakaaje tu? Siku ya kwanza wanavaa mavazi na kutoka kusaidia, polisi wanawaelekezea bunduki. Kwa Superman hiyo haimo kwenye hadithi ya kwanza.

Kitu kingine ambacho watu wa maneno hawakioni ila sisi wachoraji tunakiona: ngozi. Kwenye komiki za zamani za bei rahisi watu weusi wote walipakwa kahawia moja, na uchapaji ukiharibika inakuwa kijivu kama saruji. Milestone walikuja na namna yao ya kupaka rangi ili kuwe na mweusi wa maji ya kunde, mweusi tii, mwekundu, na bibi na mjukuu wasifanane ngozi. Nani angekaa kuhangaika na hilo kama si mtu ambaye kwao watu hawafanani?

Sasa mbali na weusi na Wayahudi. 1946 kipindi cha redio cha Superman kilirusha hadithi ndefu, vipande 16, Superman anapambana na kundi la kibaguzi lililochorwa waziwazi kwa mfano wa Klan, linaloisumbua familia ya Kichina iliyohamia mtaani. Kwa wakati ule ni ujasiri mkubwa. Ila ile familia ipo pale ili iokolewe, hiyo ndo kazi yao. 2019 Gene Luen Yang, Mmarekani mtoto wa wahamiaji Wachina, akaichukua hadithi hiyohiyo akaiandika upya, ikachorwa na wasanii wa Kijapani wanaojiita Gurihiru. Kwenye redio mtoto anayetazamwa ni Tommy. Yang akamvuta mbele dada yake, Roberta, ambaye kwao ni Lan-Shin, binti mwenye aibu, ambaye hakutaka kuhama Chinatown, mtaa wa Wachina, na anamwona kaka yake anavyojichekesha na kujitania Uchina wake ili apendwe na watoto wa mtaa. Wanaojua kuhamia shule ya watu wataelewa hapo. Halafu kamgusa Superman mwenyewe: kwenye kitabu hicho Superman haruki angani, anakimbia juu ya nyaya za umeme, kwa sababu tangu mtoto amejizuia kufanya kitu ambacho binadamu wa kawaida hawezi, anaogopa watu watamwogopa. Anayegundua kwamba anajificha ni Roberta, manake naye anajificha. Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini kidogo. Yang kamrudisha Superman kwa Siegel na Shuster bila kumtoa kwa Wachina.

X-Men unawajua mwenyewe, mamutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, wanaochukiwa kwa walivyozaliwa, watu wanapenda kusema ni hadithi ya ubaguzi wa rangi. Ni kweli, ila kundi la kwanza la 1963 wote watano Wazungu. Na 1975 walipoongeza wengine ndo wakatuletea Storm, na hapa kaka hadithi inaingia kwetu, kwa sababu mama yake Storm ni Mkenya na mwenyewe anakutwa Kenya. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, wote Wazungu wa Marekani. Mama baadaye kapewa jina N'Dare, na kikoma baada ya N kama Kifaransa, jina ambalo sijui ni Mkikuyu, Mjaluo au Mtaita gani angemwita mtoto wake hivyo. Wanakijiji wamepiga magoti wanamwomba mungu wa kike awape mvua, hawana majina, hawana redio, hawana duka, mwaka 1975, wakati Nairobi kuna foleni ya magari. Halafu anakuja profesa Mzungu, mkuu wa X-Men, anamwambia wewe si mungu, wewe ni mutanti, twende. Anaondoka. Wale waliokuwa wanaomba mvua hadithi haiwaulizi tena.

Na bado nampenda Storm, nakuambia ukweli. Mwanamke mweusi, kiongozi wa kundi, hatetemeki mbele ya mtu, na wasichana wengi weusi walijiona kwake kwa mara ya kwanza. Vitu vyote viwili ni kweli kwa pamoja. 2024 Marvel wakampa komiki yake kwa mwandishi Mnigeria, Murewa Ayodele, karibu miaka 50 baadaye.

Nimesema nitarudi kwenye hakimiliki. Rangi ya aliyeshika kalamu haitoshi kama aliyeshika pochi ni mwingine. 1947 kule Philadelphia mwandishi wa habari mweusi, Orrin Evans, alikusanya wachoraji weusi watupu akatoa All-Negro Comics, senti 15. Ndani kuna Lion Man, mwanasayansi mweusi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kulinda mlima wenye urani Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Toleo la pili lilikuwa tayari kichwani lakini wauza karatasi wakagoma kumuuzia. Karatasi tu! Likafa.

Upande wa pili, 1976, Soweto, Afrika Kusini, kuliuzwa komiki ya superhiro mweusi, Mighty Man, polisi mwenye nguvu za ajabu. Anapiga wahuni, wezi, majambazi. Sheria za pasi, zile za kuwabana weusi wasitembee bila kitambulisho, hazimo. Makaburu hawamo. Baadaye ikajulikana kwamba pesa zilikuwa za serikali ya makaburu yenyewe, kwa siri. Watoto wa Soweto walipoinuka Juni ya mwaka huo hawakuwa na haja na Mighty Man, na haikuchukua muda akapotea. Shujaa mweusi, mtaa mweusi, msomaji mweusi, na ubaguzi wenyewe umefutwa kwenye picha na aliyelipa.

Sasa huyo binamu. Achore, asizuiwe na mtu. Ila nimpe mfano wa Ms. Marvel wa 2014, Kamala Khan, binti wa Kipakistani wa Jersey City. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mzungu, lakini ni Mwislamu aliyesilimu, na mhariri aliyelianzisha wazo, Sana Amanat, ni Mpakistani wa New Jersey aliyekuwa anasimulia utoto wake mwenyewe. Kamala akipata nguvu, kitu cha kwanza anajikuta kageuka dada wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, kwa sababu ndo picha ya shujaa aliyokuwa nayo kichwani. Hiyo haitoki kwenye utafiti wa maktaba. Ilitoka kwa watu waliokaa chumba kimoja na mmoja wao akasema mimi ilinitokea.

Kwa hiyo kabla hajachora Georgia au Chicago, amtafute mtu anayeishi kule, Mtanzania aliyehamia, amsikilize siku mbili tatu, asimuulize kuhusu Klan, amuulize kuhusu kupanga nyumba, kuhusu mwalimu wa mtoto, kuhusu jina lake linavyotamkwa kazini. Au aanze na kunguni wa kitanda chake. Mwambie akumbuke duka gani Tanga watoto wa rangi fulani wanafuatwafuatwa na mlinzi na wengine wanaachwa, nani anaitwa majina gani kwa ngozi yake au nywele zake, mkorogo unauzwa wapi na kwa bei gani, nani kwenye ukoo wenu alikataliwa posa na kwa sababu ipi haswa iliyosemwa kwa kunong'ona. Kurasa nane tu kwanza. Akimaliza mniletee nizione, na nyie wawili mkae meza moja mkizisoma.